Nyuzi za Mitungi: Siku Niliyomnyang'anya Mjukuu Wangu Kazi Yake

"Ni mimi."

Maneno mawili tu. Hayo ndiyo yalitoka mdomoni mwangu siku ile... na mjukuu wangu amesimama mlangoni na sinia ya chai, vikombe vitatu, mvuke unampanda usoni.

Hakulia.

Aliweka sinia chini, akamimina, akampa mgeni kwanza, kisha jirani, kisha mimi. Hakumwaga hata tone.

Mimi ndiye nilimwaga yangu kwa mkeka mpya.

Wasomaji, naomba mnisome mpaka chini kabla ya kunitukana. Mkishamaliza mtukane, nimekubali. Mimi mwenyewe nimeshaanza.

Naitwa Kaltuma. Hapa Isiolo wengi wananijua kama Mama Habsa. Wajukuu wananiita Akko, ndiyo nyanya kwa Kiborana. Nilisoma Kulamawe mpaka darasa la saba, halafu ngamia wa baba wakanihitaji kuliko vitabu.

Nauza maziwa ya ngamia. Tuko akina mama thelathini na mmoja. Kila asubuhi pikapu inatuletea mitungi ya njano kutoka Kulamawe, tunafungua, tunaonja, tunachuja, kisha tunapakia kwa basi la Nairobi.

Nasteha ni mtoto wa binti yangu. Nimemlea tangu akiwa na siku mbili. Mwaka jana alimaliza form four, na matokeo yalipotoka alikuwa na A minus.

Msichana wa Isiolo. A minus!

Mimi nilipoambiwa nilisema, "Haya, mitungi imeoshwa?"

Ndiyo. Hivyo tu. Mtaelewa baadaye kwa nini.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wake alikuja nyumbani. Anaitwa Salesio, Mmeru, mtu mpole, anakunywa chai bila sukari na halaumu mtu. Alikuja na daftari, akachora mistari akapata vyumba vitatu. Juu ya kila chumba akaandika: JUU, WASTANI, CHINI.

Akanieleza kuwa Nasteha anaweza kuomba vyuo vikuu vya ng'ambo, vile vinavyosomesha mtoto bila mzazi kutoa kitu. Lakini vyuo hivyo vinachagua. Wakiomba watoto mia, wanachukua wanne.

Nikamwambia mwalimu, hata mnunuzi mgumu wa soko la mifugo hawezi kuona ng'ombe mia akachukua wanne.

Akacheka. Akasema, "Akko, huko kila mtu amekuja na fahali. Hakuna aliyekuja na ndama mgonjwa."

Akasema vyumba ni nafasi ya mtoto kuchukuliwa, akaandika jina la Nasteha kwa chumba cha kati. Wastani. Halafu akachora mshale mdogo unaoangalia juu.

Nikamuuliza huo mshale ni wa nini.

Akasema alama peke yake hazitoshi, kwa sababu huko alama kila mtu anazo. Wanataka kujua huyu mtoto ni mtu wa aina gani, na ameona shida gani kwao akaifanyia nini. "Na Nasteha anayo. Ni ile kazi ya nyuzi. Hiyo ndiyo itampandisha."

Sasa niwaambie kazi ya nyuzi.

Miaka miwili iliyopita maziwa yetu yalikuwa yanaharibika sana. Unatuma mitungi kumi, Nairobi wanakupigia simu kuwa minne imeganda. Tulilaumu dereva. Tulilaumu jua. Kuna mmoja alilaumu ngamia.

Nasteha alikuwa form three. Likizo moja, hakusema kitu, alichukua nyuzi za kushonea. Akafunga uzi mwekundu kwa mtungi wenye maziwa ya jioni. Uzi wa kijani kwa maziwa ya asubuhi. Uzi mweusi kwa mtungi ambao watu wamechanganya ya jioni na ya asubuhi.

Kisha akakaa na daftari. Mtungi huu umefika saa ngapi, umeganda saa ngapi, ulikaa upande gani wa pikapu, mdomo ulifunikwa na nini. Miezi miwili. Nilikuwa nikimwona amechuchumaa pale na kalamu nyuma ya sikio kama fundi.

Kumbe ni kuchanganya! Yale ya jioni yamelala na joto lake, ukiyamwagia ya asubuhi, yote yanaenda. Na mitungi iliyovikwa gunia lililoloweshwa maji ilifika Nairobi ikiwa sawa.

Tukaacha kuchanganya. Tukavika magunia. Mitungi minne kwa kumi ikawa mmoja, na siku zingine hakuna.

Hiyo ndiyo Nasteha aliandika kwenye insha yake. Salesio aliisoma akasema hajawahi kupeleka insha kama hiyo.

Shirika moja la Nairobi ndilo linachagua watoto wa kupeleka mbele. Lina desturi ya kutuma mtu nyumbani kwa mtoto. Huyo mtu anaangalia, anauliza, anaandika ripoti. Ripoti na insha zinakwenda pamoja.

Salesio alinikalisha chini akanionya.

"Akko, siku hiyo usimshushe mtoto. Mila yenu naijua. Huyu mgeni ni wa Nairobi. Akikuuliza, sema ukweli tu."

"Nimesikia, mwalimu."

Na nilisikia wasomaji... nilisikia vizuri sana. Siwezi kujificha hapo.

Kwa wale si watu wa huku, niwaeleze. Kwetu mtu hasifu kilicho chake. Ukiulizwa una ngamia wangapi, unasema wapo wawili watatu, hata kama wamejaza bonde. Mtoto akiwa mzuri unamwita mbaya. Mtu akimsifu bila kusema mashallah, unatema mate kidogo pembeni, tuf, yapite. Jicho la watu linaua.

Mimi nina sababu yangu ya kuamini.

Habsa, mama yake Nasteha, alikuwa wa kwanza kwa ukoo wetu kuingia chuo cha ualimu. Siku hiyo nilichinja mbuzi. Nilisimama mbele ya watu nikasema binti yangu hana mwenzake kutoka hapa mpaka Merti. Nilisema kwa sauti. Nilisema mara mbili.

Hakufika miaka mitatu. Alifariki akimzaa Nasteha.

Daktari aliniambia ni damu. Mimi nikajiambia ni mdomo wangu. Nikaapa mtoto huyu hatasikia sifa kutoka kwangu, wala mtu mwingine hatanisikia nikimsifu. Na kwa miaka kumi na minane nimeshika.

Basi. Siku ya mgeni ikafika.

Jina lake ni Sharon. Msichana bado, nywele fupi, viatu vyeupe vilivyokuwa vyekundu kwa vumbi. Alikuja saa nne asubuhi. Jirani yangu Sabdio, ambaye pia tunauza naye maziwa, alikuwa ameshaketi kwa mkeka, maana hapa kwetu mgeni wa mtu mmoja ni mgeni wa wote.

Sharon alinisalimu, "Shikamoo shosho."

Sabdio akamwambia, "Huyu si shosho, ni Akko. Shosho ni wa kule Nairobi." Tukacheka. Mambo yalianza vizuri.

Alipomwona Nasteha tu, akasema, "Huyu mtoto ni mkali sana. Nimesoma kazi yake. Ana akili ya ajabu."

Bila mashallah.

Nilitema pembeni, tuf. Nikasema, "Huyu? Hata chai anaunguza. Ni mvivu. Ukimtuma maji analeta kuni."

Sharon akatabasamu, akaandika kitu.

Akauliza kama ananisaidia kazi. Nikasema analala mpaka jua linamchoma.

Nasteha aliingia kutafuta sukari, akasikia, akatoka. Hiyo haikumuumiza. Amezaliwa ndani ya maneno hayo, anajua ni nguo ya kumfunika.

Halafu Sharon akageuka. Kwa ukuta palikuwa na mitungi sita imepangwa, kila mmoja na uzi wake shingoni. Mwekundu, kijani, kijani, mwekundu.

Akanyoosha kidole.

"Akko, hizi nyuzi ni wazo la nani?"

Na hapo ndipo Nasteha alisimama mlangoni na sinia.

"Ni mimi," nikasema.

Sharon aliniangalia kidogo. Kisha akamwangalia Nasteha. Kalamu yake ilisimama.

Akanywa chai. Akasifu chai, ati haijaungua. Akaomba Nasteha amsindikize mpaka barabarani. Niliwaona kwa dirisha wamesimama kwa kivuli cha kibanda cha mkaa, Sharon anaongea kwa mikono, Nasteha ameangalia chini, anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

Aliporudi nikamuuliza wamesema nini.

"Alikuwa anauliza njia, Akko."

Wiki tatu.

Barua ilikuja kwa simu yake asubuhi moja tukisubiri pikapu. Aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Kisha akaweka simu kwa mfuko wa buibui.

"Wamesema pole," akasema. "Ni mapenzi ya Mungu, Akko. Lete huo mtungi nikushikie."

Siku nzima alifanya kazi kama kawaida. Alichuja, akafunga, akapakia. Hakuna mtu angejua. Lakini mimi nilimwona akifunga uzi wa kijani kwa mtungi wa jioni... akafungua, akafunga mwekundu. Huyu mtoto hajawahi kukosea uzi.

Jioni Salesio alikuja. Alifungua daftari lake, akafuta lile jina kwenye chumba cha kati, akaliandika chini. CHINI. Mshale akaukata. Aliandika polepole kama mtu anaandika jina la marehemu.

Akasema haelewi. Watoto wenye insha dhaifu wameitwa. Akasema atampigia Sharon, na mimi nikae pale nisikie.

Niliketi. Nilikuwa nimeshaamua. Nilijua ni yale maneno yangu ya uvivu na chai ya kuungua, na nilitaka kumwambia yule msichana kuwa ni mila tu, aniandike mimi mbaya, amwandike mtoto mzuri.

Simu ikawekwa sauti kubwa juu ya meza.

"Madam Sharon," nikasema, "mimi ndiye nilimwangusha. Yale niliyosema si kweli. Si mvivu. Sisi kwetu..."

Akanikatiza kwa heshima.

"Akko, yale sikuyaandika."

Akaendelea.

"Nimezunguka Merti, nimezunguka Kipsing. Kila nyanya ananiambia mtoto wake hafai. Kuna mmoja aliniambia mjukuu wake ni punda. Nimeshazoea, mimi hucheka tu nikienda. Hata wewe nilipokusikia nilijua ni hiyo."

"Basi ni nini?" Salesio akauliza.

Sharon akajibu.

"Ni zile nyuzi. Akko alisema ni zake. Sikuamini. Nilimtoa Nasteha nje nikamwambia, hapa hakuna mtu, niambie, ni wewe au ni nyanya yako? Sema neno moja tu nami nitaandika. Nikamuuliza mara tatu, mwalimu."

"Na akasema?"

"Akasema, 'Ni Akko. Mimi nilinakili tu.' Nikamwomba lile daftari la miezi miwili. Akasema limepotea."

Salesio alifunga macho.

Sharon akaeleza kuwa kwao mtoto akionekana ameandika kazi ya mtu mwingine kama yake, anatolewa. Alama zake haziangaliwi tena. Hata yeye hakupenda, lakini mtoto mwenyewe amekiri.

Simu ikakatwa.

Mwalimu hakunilaumu. Alikunywa chai yake isiyo na sukari mpaka mwisho. Kisha akaniuliza jambo moja tu, na aliniuliza kwa upole, ndiyo maana liliniingia.

"Akko, ile ya kumwita mvivu naelewa. Lakini kusema nyuzi ni zako... hiyo nayo ni mila?"

Wasomaji.

Kuna kitu nimewaruka tangu mwanzo. Nimekizunguka kama mtu anavyozunguka kinyesi njiani. Sasa nitakikanyaga.

Si kwamba siku ya Sharon ndiyo nilisema mara ya kwanza kuwa nyuzi ni zangu.

Mitungi ilipoacha kuharibika, akina mama waliniuliza nimefanya nini. Ilikuwa asubuhi, wote wapo. Nikaogopa kumtaja mtoto. Nikaona macho sitini yatamwangukia. Nikasema nimewaza tu.

Hapo, nawaapia, ilikuwa ni kumficha.

Lakini walinipigia vigelegele. Walisema Kaltuma ana akili ya wazee. Jumatano iliyofuata walininunulia leso, ya rangi ya machungwa, wakanifunga wenyewe. Na mwezi uliofuata walinichagua mwenyekiti.

Mimi. Mtu wa darasa la saba. Nina kiti cha plastiki cha kijani chenye mikono, wengine wanakalia mitungi. Pikapu ikifika, hakuna anayefungua kabla sijafika.

Na nilipenda. Mungu anajua nilipenda. Nilianza hata kueleza wageni vile nilivyofikiria, na ni rangi gani nilianza nayo. Nasteha yuko hapo hapo anasikia, anafunga uzi.

Siku ya Sharon, Sabdio alikuwa kwa mkeka. Swali lilipotoka, yeye ndiye alinipiga bega na kusema, "Si huyu hapa, mwenyekiti wetu!" Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja. Katika hiyo pumzi sikumwona Habsa wala kaburi wala jicho la mtu.

Niliona kiti.

Nilimjibu mwalimu. "Hapana. Hiyo si mila."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Nilimkuta Nasteha nyuma ya nyumba anafukiza mitungi kwa moshi, vile tunavyofanya maziwa yasiharibike. Macho yake yalikuwa mekundu, na moshi ulikuwa kidogo.

"Kwa nini ulisema ni mimi?"

Hakuuliza nimejuaje. Aligeuza mtungi.

"Akko, angeenda kuuliza akina mama. Wangekucheka."

"Na wewe je?"

"Mimi niko na miaka kumi na minane. Nitapata kitu kingine." Akapuliza moto. "Wewe uko na hicho kiti tu."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningeweza kumjibu.

Nilikaa pale chini kwa majivu. Baadaye nikamuuliza daftari liko wapi. Akakataa mara ya kwanza. Mara ya pili akaingia ndani, akafungua sanduku la chuma, akatoa nguo za mama yake moja moja, zile ambazo mimi mwenyewe sijawahi kuzigusa tangu nizikunje. Daftari lilikuwa chini kabisa.

Ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa: KWA NINI MAZIWA YA AKKO YANAHARIBIKA.

Nilisoma hilo neno, yanaharibika, nikaona ni mimi nimeandikwa.

Asubuhi yake nilienda pale tunaposubiri pikapu. Nilifika mapema lakini sikukalia kiti. Nikakalia mtungi kama wengine. Sabdio akauliza kama naumwa na mgongo.

Walipofika wote nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi usiku kucha, yote yakakimbia.

Nikasema, "Nyuzi si zangu. Ni za Nasteha. Nimewadanganya mwaka mmoja na zaidi."

Mbuzi wa mtu alikuwa anatafuna karatasi, nilisikia mpaka meno yake.

Nikawaambia yote. Sharon, insha, kibanda cha mkaa, mtoto kusema ni Akko.

Mmoja akaanza kucheka. Wasomaji, matusi yana dawa, kicheko hakina. Wakacheka wengi. Sabdio hakucheka. Aliniambia, "Kumbe tulikuwa tunaongozwa na mtoto wa form four. Na ukaniacha nikupige bega mbele ya mgeni."

Hilo ndilo lilimuuma, lile bega.

Nilifungua leso yangu ya rangi ya machungwa. Nikaikunja, nikaiweka kwa kile kiti, nikasema kiti ni chao na leso ni yao.

Sabdio aliichukua, akaipiga vumbi. "Kiti tutaongea," akasema. "Leso mpelekee mwenyewe."

Siku hiyo hiyo walimchagua yeye. Ilikuwa haki. Sasa nikifika, nakaa kwa mtungi, na pikapu inafunguliwa hata kama bado niko njiani.

Lakini niwaambie wamama wa Isiolo ni watu gani. Niliandika barua kwa mkono wangu, ukurasa mmoja na nusu, siku mbili nikiiandika na kuipasua. Niliandika kuwa mimi Kaltuma nilidanganya kwa sababu ya cheo, na mtoto alidanganya kwa sababu yangu. Niliandika nyuzi ni za nani. Niliposoma mbele yao, Sabdio akasema, "Leta wino."

Vidole thelathini na kimoja. Wengine hawajui kuandika, wote wana kidole. Ile karatasi ilijaa mpaka pembeni, kidole kimoja kikaenda nyuma.

Tukafunga barua pamoja na daftari, kwa uzi wa kijani. Salesio akapeleka.

Siku kumi na mbili. Sharon akapiga simu mwenyewe.

Hakutupa asali. Alisema ile nafasi ya kwanza ilishapewa mtoto mwingine, haiwezi kurudi. Alisema kwenye faili ya Nasteha kutabaki alama kuwa aliwahi kusema uongo, hata kama ni wa heshima, na kuna watu hawatapenda kuiona. Lakini wamesoma daftari lote. Wamemrudisha kwa kundi la mwaka ujao, ataanza fomu upya kama mtu mpya.

Salesio alifungua daftari lake. Akafuta pale CHINI, karatasi ilikuwa imeshatoboka kwa kufutwa. Akaandika jina kwa chumba cha kati.

WASTANI.

Nilimwangalia kama atachora mshale. Hakuchora.

"Wastani si mbaya, Akko," Nasteha akaniambia. Alikuwa amejifunga ile leso. Alikuwa ananituliza mimi. Mimi!

Mlango ulikuwa wazi. Nje Sabdio alikuwa anaanika nguo, na wasichana wawili wa jirani wanachota maji. Watu wa kutosha. Jua la saa tano, hakuna mahali pa kujificha.

Nilimwona Habsa amesimama mbele ya watu siku ile ya mbuzi, anaona haya, anaficha uso kwa mtandio. Nilikuwa nimeikumbuka siku hiyo miaka yote kama siku ya kosa. Nilikuwa nimesahau kuwa alikuwa anacheka.

Nikasimama kwa mlango. Nikasema kwa sauti yangu ya sokoni, ile ya kuitia bei.

"Wastani ni ndogo kwake. Huyu mtoto hana mwenzake kutoka hapa mpaka Merti."

Sabdio aliacha nguo mkononi.

"Mashallah," akasema.

"Mashallah," wakasema wale wasichana.

Hakuna kitu kilianguka. Nilingoja, wallahi nilingoja. Niligeuka ndani nikamkuta Nasteha amekaa chini kwa mkeka, uso wote ndani ya leso, mabega yanaruka. Hakulia siku ya barua ya pole. Alilia siku hiyo.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo yangu. Sijui mwaka ujao watasema nini, mimi si chuo. Mia wataomba, wanne watachukuliwa. Akiingia tutashukuru, asipoingia aibu ni yangu na nitaibeba mimi.

Lakini wewe unayemshusha mtoto ukisema unamficha na jicho la watu, hebu jiulize kama na wewe huna jicho. Mimi nilifunga mlango miaka kumi na minane hasidi asiingie... kumbe nilikuwa naye ndani, amekalia kiti cha kijani, amejifunga leso ya mtoto.